Re: Kilo ya unga ni vikombe vingapi?

*Swali kutoka Minneapolis:*

Shikamooni wakubwa zangu. Mama yupo Moshi, kanisomea kwa simu vipimo vya skonzi zake: unga wa ngano kilo moja, sukari robo, Blue Band robo, hamira kijiko kimoja cha chakula, maziwa ya uvuguvugu nusu lita. Hapa sina mizani, nina vikombe vya kupimia tu. Nimeweka vikombe vinane vya unga, nimekanda mpaka mikono ikauma, na skonzi zimetoka kavu, zimepasuka juu. Nimekosea wapi?

*Jibu kutoka Moshi:*

Marahaba mdogo wangu, pole na kazi.

Vikombe vinane ni hesabu sahihi. Ila naamini umevichota moja kwa moja kwenye mfuko, yaani umevipiga lumbesa bila kujua. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, lakini unga si maji. Ukishindiliwa unaingia mwingi, ukiachiwa hewa unaingia kidogo. Niliporudi nyumbani nilikuja na vikombe vyangu vya huko, nikavijaribu kwenye mizani jikoni kwangu hapa Majengo. Unga nilioutia kijiko kwa kijiko, kisha nikausawazisha kwa mgongo wa kisu, ulikuwa gramu 124. Niliouchota kwa kikombe chenyewe ulifika 148. Zidisha mara nane: hiyo ya pili ni gramu 1,184. Skonzi za mama umeziongezea karibu gramu 200 za unga, na maziwa ni yale yale nusu lita. Lazima zikauke.

Mama mwenyewe hana haja ya kupima. Ananunua paketi ya kilo dukani, anaichana pembeni na kuimwaga yote kwenye beseni. Ndiyo maana hawezi kukueleza kwa vikombe, usimlaumu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tikisa mfuko wa unga au uvuruge kwa uma mpaka uwe mwepesi, jaza kikombe kwa kijiko bila kukigonga mezani, halafu pitisha kisu juu. Kila kikombe hesabu gramu 125, na vinane vitakupa kilo yako. Tazama pia nyuma ya mfuko: kule wengi huandika robo kikombe ni gramu 30, yaani kikombe kizima 120. Ukifuata hiyo, ongeza theluthi ya kikombe juu ya vile vinane.

Sukari haina usumbufu huo, punje zake hazishindiliki sana. Kikombe ni gramu 200, kwa hiyo robo ya mama ni kikombe kimoja na robo. Blue Band robo ni kikombe kimoja na kijiko kimoja na nusu cha chakula. Maziwa nusu lita ni vikombe viwili na kama vijiko viwili vya chakula, ila usimimine yote kwa mpigo. Bakiza kidogo, unga wa huko huenda usinywe sawa na wa kwetu.

Na ukipata nafasi nunua mizani ya jikoni. Weka bakuli juu yake, irudishe kwenye sifuri, mwaga unga mpaka isome 1,000. Hutaosha hata kikombe kimoja.

*Nyongeza kutoka Perth:*

Shikamoo dada, umesema kweli tupu. Niwaongezee walio Australia kama mimi: kikombe cha huku ni mililita 250, na kijiko cha chakula ni mililita 20 badala ya 15. Nilipotia hamira kijiko kimoja cha huku, skonzi ziliumuka upesi kuliko nilivyozoea na zikabaki na harufu ya hamira. Siku hizi natia vijiko vitatu vya chai, kwa sababu cha chai ni mililita 5 huku na huko.