Mrejesho: baba na kifaa cha mgongoni

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza kama baba, aliyepasuliwa mgongo lakini mguu ukaendelea kumwaka moto, awekewe kifaa cha kutuliza neva kwa umeme. Aksanti sana ninyi mliosisitiza akijaribu kwanza kwa muda mfupi kabla ya kuwekewa moja kwa moja.

Tulienda India. Walimpitishia nyaya nyembamba karibu na uti wa mgongo, betri ikabaki nje, kwenye mkanda, siku 7. Daktari alitueleza wazi: maumivu yasipopungua angalau nusu, nyaya zinatolewa, hakuna kupandikiza. Usiku wa tatu baba alilala hadi asubuhi. Mama alilia. Kwa kipimo cha 10, maumivu yalishuka kutoka 8 hadi 3, ndipo wakamwekea betri chini ya ngozi, juu kidogo ya tako.

Hayajaisha, sitawadanganya. Ila sasa anapanda mlima wa Kadutu kwa miguu, akipumzika mara mbili tu!

Kinachotusumbua ni kuchaji betri hiyo. Hapa Bukavu umeme hukatika, kwa hiyo tumenunua paneli ya jua. Na kadi ya kifaa haitoki mfukoni mwake, maana kabla ya kipimo chochote cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kali) lazima aionyeshe.