Mtaro na taa za mtaa: tuanzie wapi kwenye bajeti ya Kaunti ya Nairobi?

Mkaazi wa Eastlands
Hamjambo nyote. Chama cha wakaazi kinataka mtaro wa maji ya mvua na taa za barabarani viingie kwenye bajeti ya kaunti. Kwenye kikao cha umma cha Mei jibu ni kwamba fedha zimeshagawanywa. Tunakosea wapi, na mwaka ujao tuanze lini?

Jicho la Bajeti
Mnachelewa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini miradi hupangwa mapema mno. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka, ule maofisa wanauita ADP, unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka unaotangulia. Kufikia 28 Februari unafuata waraka wa mkakati wa fedha, na humo ndimo kila idara hupangiwa kiwango chake cha juu. Makadirio hufika 30 Aprili. Anayeomba mtaro mpya Mei, kwa kweli anaomba mradi wa wengine ukatwe.

Kwa hiyo andikeni Julai. Ukurasa mmoja watosha: barabara gani, kuanzia wapi hadi wapi, mita ngapi, nyumba ngapi hufurika, na picha za siku ya mvua. Ombi lisilo na vipimo mhandisi hawezi kulikadiria gharama, na lisilokadiriwa huachwa nje. Pelekeni kwa msimamizi wa wadi, kwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) na kwa karani wa bunge la kaunti. Nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ahadi ya mdomo kwenye mkutano haina faili, jamani.

Mama Wadi
Kabla ya hayo, ulizeni barabara ni ya nani. Mitaro, taa, taka, zahanati na chekechea ni za kaunti. Kuna barabara za mjini zilizo chini ya KURA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za mijini, na shule za msingi ni za serikali kuu. Barua ikienda mlango usio wake, msimu mzima unapotea.

Na msitegemee kile kikao kikubwa cha ukumbini pekee. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake viwe wazi kwa umma. Kamati ya bajeti ndiyo inayopitia mafungu, kwa hiyo tumeni wawili huko wakiwa na ile barua.

Mkaazi wa Eastlands
Asanteni sana. Na mradi ukishaingia kitabuni?

Jicho la Bajeti
Hapo ndipo wengi hulala. Mapato yakipungua, bajeti ya nyongeza huja na kuondoa miradi katikati ya mwaka. Isomeni kila inapotolewa. Kandarasi ikitolewa, ombeni kwa maandishi thamani ya mkataba, BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) na vyeti vya malipo. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaruhusu ombi la Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kimya huhesabiwa kuwa kukataliwa. Mna siku 30 kuomba CAJ, yaani Tume ya Haki ya Utawala, ipitie uamuzi huo. BQ ikishapatikana, nendeni nayo mtaroni mkiwa na tepu ya kupimia: urefu, kina, unene wa zege.