Tupeane uzoefu: tuliwafundishaje watoto ulinganifu na uchoraji wa maumbo linganifu?

Ndugu walimu na wazazi,

Ninafungua mada hii kwa sababu ulinganifu ni somo ambalo mtoto huonekana amelielewa kabla hajalielewa. Ukimwonyesha picha ya kipepeo na kumuuliza kama pande zake mbili zinafanana, atajibu ndiyo bila kusita. Lakini ukimpa nusu ya kipepeo huyo ili aikamilishe, watoto wengi huichora nusu ile ile kwa mara ya pili, ikitazama upande ule ule, kana kwamba imesogezwa tu pembeni. Kuona kwamba pande mbili zinafanana ni jambo moja, na kujua kwamba kila nukta ya upande mmoja ina mwenzake upande wa pili, kwa umbali ule ule kutoka kwenye mstari wa ulinganifu, ni jambo jingine kabisa. Ningependa tuelezane ni zoezi gani hasa lililowavusha watoto wetu hapo katikati.

Nyumbani kwangu lilikuwa zoezi la kutoboa. Tulikunja karatasi, nikachora nusu ya nyumba upande mmoja, mkunjo ukiwa ndio katikati ya nyumba, kisha mwanangu akatoboa kila kona kwa ncha ya bikari hadi ikapenya upande wa pili. Tulipokunjua karatasi aliunganisha matundu kwa rula, na nyumba ikatimia. Halafu nikamwomba apime kutoka kila tundu hadi kwenye mkunjo. Alipoona kwamba kila jozi ya matundu inatoa kipimo kimoja, aliyarudia yote tangu mwanzo bila kuambiwa, na siku hizi hupima kabla ya kuchora.

Mwalimu wa darasa la awali

Kwa umri wa wanafunzi wangu sigusi rula wala neno lenyewe. Tunadondosha rangi ya maji kwenye nusu ya karatasi, tunakunja, tunapapasa kwa kiganja, tunakunjua. Rangi iwe nyepesi na ukunjaji uwe wa haraka, maana ikishaanza kukauka upande wa pili hautapata kitu.

Katika zoezi la mkasi, tahadhari ni moja tu: mtoto aelekezwe ashike karatasi upande wa mkunjo na akate kuanzia upande huo huo. Asipoelekezwa atachora nusu ya moyo kwenye ukingo ulio wazi, na akimaliza kukata atabaki na vipande viwili mkononi, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka mitano ni msiba mkubwa.

Mwalimu wa hisabati, shule ya msingi

Mimi ningependa kuzungumzia mstatili, kwa kuwa ndio unaowagawa wanafunzi wangu kila mwaka. Karibu darasa zima huamini kwamba mstari unaotoka kona hadi kona ya mkabala ni mstari wa ulinganifu, na hoja yao si ya kipuuzi: mstari huo kweli huugawa mstatili katika pembetatu mbili zilizo sawa kwa kila kipimo. Siwapingi kwa maneno. Nawagawia mistatili ya karatasi na kuwataka kwanza waandike idadi ya mistari wanayoitarajia, kisha wakunje. Wanapokunja kona kwa kona wanaona ncha mbili za pembetatu zikichomoza nje, moja huku na nyingine kule, na hakuna ukingo unaolala juu ya mwenzake. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba kugawanyika katika sehemu mbili sawa hakutoshi, kwa sababu sehemu hizo zinapaswa pia kufunikana pale karatasi inapokunjwa juu ya mstari huo.

Baada ya mstatili, ambao una mistari 2 tu, mraba huwafurahisha kwa kuwa una 4, ikiwemo ile ya kona kwa kona waliyoililia. Pembetatu yenye pande zote sawa ina 3, yenye pande mbili sawa ina 1, na ile ambayo kila upande una urefu wake haina hata mmoja. Duara huleta kelele za kupendeza, kwa sababu kila mstari unaopita katikati yake unafaa, na hakuna anayeweza kumaliza kuihesabu.

Msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake zinazokabiliana ni sambamba, nauweka mwisho kwa makusudi. Hauna mstari wowote wa ulinganifu, iwapo si mraba, mstatili wala rombasi (yenye pande zote nne sawa), lakini watoto hung'ang'ania kwamba una kitu fulani, na wako sahihi: ukiuzungusha nusu duara kwa kuushikilia katikati, unarudi kukaa mahali pake pale pale. Huo ni ulinganifu wa mzunguko. Wanaousema wenyewe kabla ya kufundishwa ndio wanaonipa moyo wa kurudi darasani kesho yake.

Mzazi wa mtoto wa darasa la pili

Sisi tulitumia herufi kubwa na kioo kidogo. Kioo kikisimamishwa juu ya neno KOBE, au BIDII, au KICHEKO, taswira inasomeka vile vile, kwa kuwa kila herufi ya maneno hayo ina mstari wa ulinganifu uliolala. Ukifanya hivyo kwa MAMA, herufi zinasimama kichwachini. Lakini MAMA ikiandikwa kwa kushuka, herufi moja chini ya nyingine, kioo kikiwekwa ubavuni kinaisoma bila kasoro. Mwanangu alitafuta maneno mengine mwenyewe, na kwa msako huo alijifunza mistari ya wima na ya mlalo kuliko kwa maelezo yangu yoyote.

Ningeongeza kwamba mtoto anayechanganya herufi ndogo b na d anakumbana na ulinganifu huo huo. Mwanafizikia Ernst Mach aliligusia jambo hilo katika karne ya 19, akilihusisha na wepesi wa macho yetu kutambua ulinganifu wa kushoto na kulia. Zoezi la kioo, basi, huenda likasaidia pia kwenye kusoma.

Mwalimu wa hisabati, shule ya msingi

Mzazi mwenzetu, nakuunga mkono kuhusu herufi, ila kioo nakiogopa kidogo wakati wa kuchora, kwani mtoto huiga anachokiona ndani yake na kuacha kufikiri. Mimi hukitoa mwishoni, kwa ajili ya kuhakiki tu.

Mzazi wa mtoto wa darasa la tano

Tafadhali, tusaidiane kuhusu mstari wa mshazari. Wa wima anauweza, wa mlalo anauweza, lakini ukiinama tu anachora kana kwamba umesimama.

Mwalimu wa hisabati, shule ya msingi

Mwambie kwanza aizungushe karatasi mpaka mstari usimame mbele yake. Nusu ya tatizo huondoka hapo. Kisha, kama mnatumia karatasi ya miraba na mstari unapita kona kwa kona ya vijiraba, airudishe karatasi ilivyokuwa, aanze kwenye nukta, aende kwa usawa hadi agonge mstari huku akihesabu. Akihesabu vijiraba 3, akifika kwenye mstari apinde kwa pembemraba, avuke upande wa pili, na ahesabu 3 tena kwa wima. Kilichokuwa cha kulala kinakuwa cha kusimama. Afanye hivyo kwa kila kona ya umbo, na asiunganishe chochote hadi nukta zote ziwepo.

Mwalimu wa wanafunzi wenye uoni hafifu

Wanafunzi wangu hutumia ubao wenye misumari iliyopangwa kwa safu, na rababendi za kuundia maumbo. Uzi mnene uliofungwa katikati ndio mstari wa ulinganifu. Mtoto huweka vidole viwili juu ya uzi, kisha mikono yote miwili huondoka pamoja kwenda pande tofauti, msumari kwa msumari, hadi mkono mmoja ukute kona ya umbo. Msumari uliofikiwa na mkono wa pili ndio mahali pa kona ya pacha wake. Sehemu inayohitaji muda zaidi ni umbo ambalo kona yake imekaa juu ya uzi wenyewe. Wanafunzi huitafutia kona hiyo mwenzake ng'ambo, na inabidi waguse na kuhesabu hatua kutoka kwenye uzi, wakute ni sifuri, ndipo waelewe kwamba rababendi zote mbili zinashikwa na msumari ule ule mmoja.