Kijiti cha meno kwenye kadre (fremu) ya picha yangu, mbele ya wageni!!!

Nina hasira hata simu inateleza mkononi. Jina simtaji, hapa L'shi (Lubumbashi) wote mnamjua: yule wa kuingia bila hodi, yule aliyeikosoa keki ya arusi kabla bibi arusi hajaishikia kisu.

Leo jioni, saloni ya nyumbani kwangu imejaa wageni. Ukutani yuko mamba muntu wangu, yule nguva, nusu mwanamke nusu samaki. Nimemchora mwenyewe kwa rangi ya mafuta, kwenye kitambaa cha mfuko wa unga kama wachoraji wetu wa zamani, na kadre nimeiunda mwenyewe uani, kila ncha ya mbao nimeikata digrii 45, nikaikaza kwa kamba usiku kucha gundi ishike. Yule mtu kala mbuzi wangu, kala bukari (ugali) wangu, akainuka, akasogeza pua nusura ambusu mamba muntu. Halafu kijiti alichokuwa anachokolea meno akakichomeka kwenye kona ya kadre. KIKASIMAMA. "Aah, kumbe kuna na nafasi ya mwavuli!"

Walicheka wote. Nadhani hata mamba muntu alicheka.

Pengo lenyewe ni unywele! Mbao niliuziwa mbichi pale soko la Kenya, komuni yetu ya hapa mjini, na mbao ikikauka hupungua upana, kona inaachia upande wa ndani. Hiyo ni kazi ya Mungu, si yangu. Na kijiti kilikuwa na nyama. NYAMA. Mume wangu ananiambia nivumilie, ni shemeji. Shemeji wa kuchomeka vijiti? Bado kiko pale pale, sikigusi.

Mukatuba: Pole yaya (dada). Swali dogo: kijiti kilisimama chenyewe? Basi huo si unywele, huo ni mlango.

Fundi_Kampemba: Usiisingizie mbao. Mbichi unaijua ukiibeba tu, nzito kama deni. Ungeilaza ndani ikauke kwanza ndipo ukate. Na tafadhali usiniambie umeweka kioo juu ya rangi ya mafuta.

Mwenye uzi: Nimeweka, vumbi la hapa si unalijua. Kwani kijiti kiliingia kwenye kioo? Kiliingia kwenye KONA!

Fundi_Kampemba: Mama wee. Kioo ni cha picha za rangi ya maji, tena unazungushia kartoni ili kisiiguse karatasi. Mafuta yanaweza kuchukua miezi kukauka ndani. Siku ukikibandua, mamba muntu atabaki kwenye kioo, wewe ubaki na mfuko wa unga.

Mzee_wa_Zamani: Watoto wa leo! Romain-Desfossés, yule Mfaransa, alipofungua Hangar yake, shule ya wachoraji, mwaka 1946, mji huu ukiitwa Élisabethville, mwanafunzi wake Bela alikuwa anachora kwa vidole. Vidole! Wewe kadre uliikata kwa meno?

Mwenye uzi: Mzee, meno yaliyohusika hapa ni ya yule mtu. Alikitoa mdomoni akakichomeka. Kibichi.

Mukatuba: Kibichi kama mbao yako 😂😂

MamaMapacha: Kwa kuwa tumefika kwa wageni: kuna mtu aliazima sufuria yangu kubwa ya bukari, eti ya matanga. Imerudi bila mfuniko. Nauliza, naambiwa mfuniko umeenda matanga mengine!

Mukatuba: Afadhali yako. Viti vyangu vya plastiki vimerudi vimeandikwa jina la mtu mwingine mgongoni kwa rangi nyekundu.

Fundi_Kampemba: Rangi ya mafuta?

MamaMapacha: Ngoja, Mukatuba. Viti vya bluu? Kimoja mguu umefungwa waya?

Mwenye uzi: Jamani, na kijiti changu je?

Mukatuba: Mama, usiniambie. Umevikalia wapi?

MamaMapacha: Nimevikalia jana. Hapo nilipokuwa nimefuata mfuniko.

Mukatuba: Nipe avenue, nakuja na mkokoteni.