Wanaopimwa kisukari bure na kukutwa na sukari ya juu hawafiki kliniki: elimu yetu ina upungufu gani?

Mhudumu wa Jamii, Tanga

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mtaa mmoja wa jiji la Tanga, na ninaomba ushauri wa wale waliowahi kusimamia elimu ya kisukari mitaani, vijijini au katika nyumba za ibada. Kila inapokaribia tarehe 14 Novemba, ambayo ni Siku ya Kisukari Duniani, tunashirikiana na zahanati kuandaa upimaji wa bure, na watu hujitokeza kwa wingi kiasi kwamba foleni huanza kabla hata meza hazijapangwa. Tatizo huja baada ya kipimo. Mtu aliyekutwa na sukari ya juu huambiwa aende kituo cha afya kwa uchunguzi zaidi, hukubali, hushukuru, na baada ya wiki kadhaa ukimkuta barazani unagundua kuwa hajakwenda popote. Wengine husema hawaumwi mahali popote, hivyo hawaoni haja ya kupanga foleni hospitalini. Wengine wameshaanza kunywa maji ya uwatu au unga wa majani ya mlonge kwa sababu jirani alipona navyo. Na wapo wanaohofia kwamba wakianza dawa hawataziacha tena maishani.

Hotuba inayotolewa siku hiyo hueleza kongosho, insulini na madhara ya figo kwa muda mrefu, nayo ni sahihi kabisa, lakini sioni kama inabadilisha lolote nyumbani kwa mtu. Naomba mnieleze tuanze na lipi, tuache lipi, na tufanyeje ili aliyepimwa afike kliniki. Jambo la pili ni mwezi wa Ramadhani: wenye kisukari wengi mtaani kwetu hufunga kimyakimya bila kumwambia daktari, nami sijui nilizungumzeje jambo hilo bila kuonekana ninaingilia ibada ya mtu.

Muuguzi wa Kliniki, Morogoro

Ndugu mhudumu, nashukuru kwa kulileta swali hili, kwa sababu ndilo linalotusumbua sisi tulio upande wa pili wa meza, tunaowasubiri hao watu na hatuwaoni. Kwa maoni yangu, kupima watu bila kuwaandalia njia ya kufika kliniki si huduma iliyokamilika, na ningeona ni heri kupima watu wachache ambao wote watafuatiliwa kuliko kupima umati ambao hakuna anayejua umekwenda wapi.

Nianze na kipimo chenyewe, maana mara nyingi watu hupoteza imani hapo. Kwa mtu ambaye hajala kwa saa zisizopungua nane, kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kinaashiria kisukari. Kwa aliyekwisha kula, milimoli 11.1 au zaidi ndicho kiwango cha kutiliwa maanani, hasa akiwa na dalili kama kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku na kukonda bila sababu. Asiye na dalili hahesabiwi kuwa mgonjwa kwa kipimo kimoja, bali hupimwa tena siku nyingine. Sasa fikiria mkutano wa saa nne asubuhi: karibu wote wamekunywa chai na vitafunwa, mmoja anasoma 8.5, mwenzake aliyetoka na njaa anasoma 6.5, na msomaji wa majibu akiwa na haraka anawatisha wote wawili au anawatuliza wote wawili. Muulizeni kila mtu alikula saa ngapi na muandike jibu hilo kando ya namba, kwa sababu namba bila saa ya chakula haina maana kubwa.

Kisha kuna mikono. Mtu aliyemenya embe au chungwa akapimwa bila kunawa, mashine itasoma pia sukari ya tunda iliyobaki kwenye kidole, na pamba ya spiriti peke yake haiondoi sukari hiyo vya kutosha. Wekeni ndoo ya maji, sabuni na kitambaa safi mwanzoni mwa foleni. Vijiti vya kupimia navyo visiachwe wazi juani, kwani joto na unyevu huviharibu, na Tanga kama tujuavyo ina vyote viwili. Nimewahi kupokea mtu aliyeambiwa mitaani kwamba sukari yake imepanda sana, tukampima mara mbili na kumkuta hana tatizo. Huyo akirudi nyumbani atawaambia wote waliopimwa pamoja naye kwamba vile vipimo ni vya uongo.

Kuhusu kumfikisha mtu kliniki, igeni kazi ya watu wa kifua kikuu. Kwao mgonjwa asipofika, jina lake limo katika daftari na kuna mtu wa kumtafuta. Sisi wa kisukari tumezoea kusema "nenda hospitali" na kufunga mazungumzo. Kila mwenye sukari ya juu apewe karatasi ya rufaa yenye jina la kituo, siku ya kliniki na muda wa kufika, nanyi mbaki na nakala yake na namba ya simu, kwa ridhaa yake. Wiki inayofuata mpigieni au mpiteni nyumbani, na yule anayeogopa kwenda peke yake mumsindikize. Naomba pia msiwatenganishe sana na wenzetu hao wa kifua kikuu, kwa kuwa mwenye kisukari yuko katika hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya mtu asiye nacho, na kikohozi cha muda mrefu kwa mtu wa namna hiyo hakipaswi kupuuzwa.

Huyo anayesema haumwi mahali popote mwambieni ukweli kwamba sukari ya juu haiumi kwa miaka mingi, huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Anayehofia dawa za maisha, msimpe ahadi ya uongo. Mwambieni kwamba wapo ambao, wakipunguza uzito na kubadili mlo mapema, sukari hushuka na daktari hupunguza dawa, lakini wote huendelea kupimwa. Kuhusu mlonge na uwatu, msiingie katika ugomvi. Sema tu kwamba havichukui nafasi ya dawa, na kwamba daktari anapaswa kuambiwa, kwa sababu uwatu waweza kuongeza nguvu ya dawa na kuishusha sukari kupita kiasi.

Mwenye Kisukari, Mombasa

Salamu kwenu nyote. Mimi nimeishi na kisukari cha aina ya pili kwa muda mrefu, na ninaomba kusema yale ambayo wataalamu huenda hawayaoni. Picha za miguu iliyokatwa zinazoonyeshwa mikutanoni hazimpeleki mtu hospitalini. Zinampeleka nyumbani kulala na hofu, na mwenye hofu hujificha. Jambo lililonisaidia mimi ni kuonyeshwa ninachoweza kukifanya jioni ile ile.

Nilipoambiwa mara ya kwanza, nilipewa karatasi iliyoorodhesha vyakula vya kuacha: ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, ndizi na embe. Nilipoisoma mbele ya mke wangu, yeye aliuliza kwa haki kabisa nitakula nini basi, na sikuwa na jibu. Baadaye kituo kingine kilinifundisha kwa sahani halisi mezani: nusu ijae mboga za majani, mchicha au sukuma wiki au kisamvu, robo iwe wali au ugali, na robo iwe samaki, maharagwe, kuku au yai. Wali wangu wa nazi haukufutwa, ila ulipunguzwa, na mboga ikapanda daraja. Mke wangu alikuwepo siku hiyo, na hapo ndipo elimu ilipofanya kazi, kwa kuwa yeye ndiye ashikaye mwiko. Kama mnamwalika mwanamume peke yake darasani, mmemfundisha mtu asiyepika.

Ningependa pia mzungumzie vinywaji kabla ya vyakula. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai, na mtu anaweza kuinywa kwa dakika tano akiwa amesimama dukani. Chai yetu ya maziwa yenye vijiko vitatu, mara nne kwa siku, nayo ni mzigo. Kubadili hapo hakuhitaji fedha, na mtu anayefanikiwa katika jambo moja dogo hupata moyo wa kujaribu la pili.

Afisa Lishe, Dodoma

Ninaunga mkono yaliyosemwa kuhusu sahani, nami naongeza suala la wale ambao bado hawajaugua, kwa sababu siku za upimaji huwakuta wengi wakiwa katika hali ya kati: sukari imepanda kuliko kawaida lakini haijafikia kisukari. Hao huambiwa "uko salama" na kuondoka, ilhali ndio ambao elimu ingewafaa kuliko wote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu zaidi ya 3,000 wa kundi hilo, ulionyesha kwamba waliopunguza uzito kidogo, kwa lengo la asilimia 7, na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati waliotumia dawa ya kisukari iitwayo metifomini walipunguza kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea kwa kasi kwa siku tano, jambo linalowezekana kwa mtu anayeshuka daladala vituo viwili kabla ya kwake.

Tusidhani pia kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na makundi ya watu havikuwa sawa katika tafiti hizo mbili, lakini mwelekeo hauna shaka. Kwa sababu hiyo sipendi ushauri wa kununua unga maalumu wa kisukari unaouzwa kwa bei ya kutisha. Dona inapatikana kwa msagaji yeyote, na maharagwe yanapatikana sokoni.

Mwalimu wa Madrasa, Unguja

Nachangia swali la Ramadhani, kwa kuwa nimekaa na madaktari na masheikh juu ya jambo hili. Ndugu mhudumu, usiende kama mtu anayekataza saumu. Nenda na ruhusa iliyomo ndani ya dini yenyewe: Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana njia ya fidia. Sheikh akilisema hilo kwenye hotuba ya Ijumaa, linapokelewa kwa namna ambayo wewe na mimi hatuwezi kuipata.

Muda mzuri ni mwezi wa Rajabu, si siku ya mwandamo, kwa sababu daktari anahitaji wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani kumpima mtu, kumwambia kama kufunga ni hatari kwake na kubadili saa na kiasi cha dawa. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana, kama glibenklamidi, asijiamulie mwenyewe. Wengi pia huacha kujipima wakiogopa kwamba tone la damu linafunguza, ilhali miongozo iliyoandaliwa kwa kushirikisha wanazuoni inasema kupima sukari kwa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya milimoli 3.9, au ikipanda kupita 16.6, saumu ifunguliwe pale pale, hata kama ni robo saa kabla ya adhana ya magharibi. Kutetemeka, jasho jembamba na kuchanganyikiwa saa kumi jioni visichukuliwe kuwa ni njaa ya kawaida. Na futari zetu nazo ziangaliwe: tende moja au mbili na maji zinatosha kufungulia, na baada ya hapo muhogo, kaimati, tambi na uji wa sukari visikutane vyote katika sinia moja. Daku lisiachwe, nalo licheleweshwe.

Mhudumu wa Jamii, Tanga

Nawashukuru sana. Nimekwisha kuzungumza na mganga mfawidhi wa zahanati, naye amekubali kwamba safari hii tupime watu wachache zaidi, tuwe na daftari la rufaa, na kila anayekutwa na sukari ya juu aje na anayepika nyumbani kwake katika somo la sahani litakalofanyika wiki ileile. Masheikh wawili nitawafuata mapema, kabla ya Rajabu. Nina swali moja lililobaki: katika dakika tano nitakazopata nikimpitia mtu nyumbani, pamoja na kumkumbusha kliniki, nimfundishe nini?

Muuguzi wa Kliniki, Morogoro

Mfundishe miguu. Mwambie avue viatu mbele yako, muangalie pamoja nyayo na katikati ya vidole, na kama haoni vizuri au hawezi kuinama, mwonyeshe mtu wa nyumbani namna ya kumwangalia kila jioni. Asitembee peku hata uani, asikande miguu kwa maji ya moto wala kuiweka karibu na jiko la mkaa, maana mwenye ganzi huungua bila kuhisi, na kidonda chochote, hata kidogo kisichouma, akilete kliniki siku hiyohiyo. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ambao Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alishiriki kuuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulijengwa juu ya mafunzo ya namna hii kwa madaktari na wauguzi, na umetuonyesha kwamba miguu mingi inayokatwa ingeweza kuokolewa.

Ukibakiwa na dakika moja, uliza kama nyumbani kuna mtoto anayekunywa maji mno, aliyeanza tena kukojoa kitandani na anayekonda. Watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi hutibiwa malaria kwanza, na kwao kuchelewa kwa siku chache kunaweza kuwa kifo. Mtoto wa namna hiyo hasubiri siku ya kliniki. Apelekwe kupimwa sukari saa hiyohiyo.