Tupeane uzoefu: wiki moja ya bahari Zanzibar na watoto wadogo, tukitokea Nairobi

Mama wa Watatu, South B

Wapendwa wazazi, naomba tupeane uzoefu. Mimi na mwenzangu tumeamua kwamba Agosti 2026 tutaipeleka familia Zanzibar kwa wiki moja, na tungependa tuwe tumerudi nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Kifungua mimba wetu ana miaka sita, wa pili ana mitatu, na kitinda mimba atakuwa na miezi kumi hivi. Nilipokuwa nikipanga nguo za mtoto nilimkumbuka mama mmoja niliyemwona katika foleni ya uwanja wa ndege, mtoto mgongoni, mwingine akilia sakafuni, naye afisa akimdai karatasi ambayo hakuwa nayo. Bei za hoteli nimeziona, kwa hivyo sihitaji hizo. Nielezeni yale ambayo hoteli haziyaandiki.

Baba wa Mapacha, Kasarani

Dada, huyo mama uliyemwona angeweza kuwa mke wangu. Wakala aliyetuuzia safari alituhakikishia, tena kwa maandishi, kwamba watoto walio chini ya miaka mitano hawadaiwi cheti cha homa ya manjano. Tulipofika kukabidhi mizigo tukaambiwa kwamba Tanzania humtaka kila msafiri anayetoka Kenya awe na cheti hicho akishatimiza mwaka mmoja. Mapacha walikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Tulitoa vitabu vya kliniki, tukaonyesha chanjo ya surua, ya pepopunda, ya polio, zote zimepigwa muhuri, lakini homa ya manjano haimo katika chanjo za kawaida za mtoto wa Nairobi. Hutolewa katika kaunti chache kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Hata kukimbilia kituo cha chanjo asubuhi ile kusingetusaidia, kwa sababu cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Mke wangu alirudi Kasarani na mapacha, nami nikaendelea na wazazi wangu ambao tiketi zao hazikuwa za kurudishiwa pesa. Sijawahi kuabiri ndege nikiwa na uchungu kama ule.

Kwa hivyo wa miaka sita na wa mitatu wachanjwe mapema. Wa miezi kumi bado hajafikia umri wa kudaiwa cheti, ila muulize daktari wake, kwa kuwa chanjo yenyewe hairuhusiwi chini ya miezi tisa. Habari njema ni kwamba tangu 2016 cheti hakiishi muda, kwa hivyo utagharimika mara moja tu kwa kila mtoto.

Shangazi, Buruburu

Kweli tupu. Kadi ya manjano kwanza, nguo za kuogelea baadaye.

Mzee wa Umoja

Ninyi vijana mnanishangaza. Bahari ya Hindi ipo Diani, ipo Watamu, ipo Malindi. Mtoto wa miaka mitatu hajui mpaka uko wapi. Anachojua ni mchanga na maji. Mpande treni asubuhi, alasiri mko Mombasa, bila pasipoti, bila cheti, bila kubadilisha pesa. Kwa nini fedha hizi zisibaki kwa watu wetu wa Pwani?

Mwalimu, Lang'ata

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako yana uzito, na Diani tunakwenda sote. Lakini dada hakuuliza kama asafiri au asisafiri; ameuliza namna ya kusafiri salama. Kuna familia zilizoweka akiba mwaka mzima ili watoto waone Mji Mkongwe na kima punju wa msitu wa Jozani, na hiyo ni haki yao.

Mzee wa Umoja

Marahaba. Haki yao sikuikataa. Nimesema tu kwamba mtoto akiugua Diani, nitamfikia kwa gari langu.

Mwalimu, Lang'ata

Hilo nakubali, mzee. Tuliache dada ajibiwe.

Kuhusu karatasi nyingine: kila mtoto, hata mchanga, awe na pasipoti yake. Kitambulisho cha taifa humfikisha Mkenya Uganda na Rwanda, lakini Tanzania hutaka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Vilevile, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar huwataka wageni wakate bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Bei iliyotangazwa kwa wageni ni dola 44 kwa mtu. Kiwango cha raia wa Afrika Mashariki na cha watoto kitazame katika tovuti rasmi ya shirika hilo, wala usimlipe mtu anayekupigia simu akidai kukusaidia. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na nepi chafu zina mahali pengine pa kuwekwa.

Baba wa Ruaka

Sisi tulikwenda kwa barabara: Namanga, Arusha, Moshi, hadi Dar es Salaam, tukalala njiani Moshi. Watoto waliuona Kilimanjaro ukiwa wazi alfajiri, na mpaka leo wanausimulia. Gari lako mwenyewe lahitaji bima ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mipaka, na kibali cha muda cha kuliingiza nchini. Penye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Ukizidisha, askari yuko nyuma ya mwembe anakusubiri. Napendekeza barabara kwa moyo wote.

Mama wa Kahawa West

Mimi sipendekezi hata kidogo, na sababu yangu si barabara, ni boti ya kutoka Dar es Salaam. Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali utokao kusini. Mkondo ule wa bahari huchafuka, na zile saa mbili za kuvuka zilikuwa ndefu kuliko safari yote ya kutoka Namanga. Binti yangu wa miaka minne alitapika hadi akawa anatapika maji ya njano, na kaka yake akamfuata. Mhudumu alipita akigawa mifuko myeusi, akaishiwa kabla hajafika safu yetu, nami nikavua mtandio wangu. Mama mmoja wa Kiunguja aliyekaa kando yangu alinipa ndimu iliyokatwa, akaniambia niwanusishe watoto na niwalaze chini katikati ya boti, si juu wala mbele. Walitulia. Tulirudi kwa ndege moja kwa moja hadi Nairobi, safari isiyofika saa mbili, na mtoto aliye chini ya miaka miwili akikaa mapajani hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli.

Baba wa Ruaka

Wa kwangu walilala boti nzima.

Mama wa Kahawa West

Mshukuru Mungu.

Mama wa Donholm

Nimesoma kimya tangu mwanzo, na nilikuwa nimeamua kutoandika, lakini neno Agosti limenirudisha Jambiani.

Tulifika usiku, mwezi ukiwa umekamilika, bahari imejaa hadi kwenye ngazi za nyumba ya wageni. Asubuhi tulipoamka bahari haikuwapo. Kulikuwa na uwanda mweupe wa mchanga, vidimbwi hapa na pale, na mstari mwembamba wa povu mbali sana kwenye mwamba. Mhudumu alituambia kwamba huo ndio wakati mzuri wa matembezi, na hakuongeza neno lingine. Tulitoka mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka saba na binti wa miaka minne. Watoto walikuwa na furaha ambayo sijaiona kwao tena: waliokota viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, na kuvirudisha majini, wakamwona jongoo wa baharini, wakafika kwenye mashamba ya mwani ambako akina mama walikuwa wamechutama wakifunga miche kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti.

Mume wangu alikuwa akitazama upande wa mwamba mara kwa mara, na povu lilikuwa palepale, mbali. Akina mama walianza kuondoka mmojammoja. Wa mwisho, mwenye tita la mwani kichwani, aligeuka akatupigia kelele: "Nyie wageni, maji yanajaa, rudini!" Tulipogeuka kuelekea nchi kavu ndipo tulipoona. Maji hayakuja kutoka mbele. Yalikuwa yamekwisha kujaza mkondo ulio nyuma yetu, kati yetu na nyumba ya wageni. Kule tulikopita maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu sasa yalikuwa yanatembea, yamebadilika rangi, na yalikuwa na nguvu. Mume wangu alimweka binti begani akaingia, na hatua chache tu yakamfika kifuani. Kijana wangu alinishika mkono kwa kucha. Kiatu chake kimoja kilichomoka, nikakiona kinakwenda upande kwa kasi, na hapo nikaelewa kwamba mtoto naye angekwenda vivyo hivyo.

Yule mama alilitupa tita lake. Alirudi kwetu, akamchukua binti, akamfunga mgongoni kwa kanga yake, akatuambia tumfuate na tusikate njia moja kwa moja. Tulitembea kwa mshazari kuelekea kaskazini, juu ya kingo ya mchanga ambayo sisi tusingeijua, hata tukafika mahali ambapo mkondo ulikuwa mpana lakini maji yalikuwa ya mapajani tu. Hakukimbia. Alikuwa akimwimbia binti yangu. Jioni tulimtafuta tukamlipa mwani wake na zaidi ya hapo, akatueleza kwamba mkondo ule hujaa kila siku namna ileile, na kwamba watoto wa kijiji hukatazwa kuwa ng'ambo yake maji yakianza kugeuka. Sisi hakuna aliyetuambia, na kila mtu katika nyumba ile ya wageni alilijua.

Shangazi, Buruburu

Mama, pole sana. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Kijana wa Pipeline

Pole, lakini mzazi humpelekaje mtoto wa miaka minne katikati ya bahari asiyoijua?

Mama wa Kahawa West

Ndugu, soma tena. Palikuwa pakavu, na mwenyeji aliyelipwa kuwahudumia ndiye aliyewaambia waende. Mwenzetu ametupa jambo linaloweza kuokoa mtoto wa mtu, nawe unamhukumu.

Kijana wa Pipeline

Sikukusudia kumuumiza. Samahani, mama.

Mama wa Donholm

Hakuna neno, mwanangu. Nakushukuru kwa kusema.

Mzaliwa wa Mtwapa, sasa Embakasi

Mama wa Donholm amesimulia bamvua. Nataka dada wa South B aelewe jambo hili vizuri, kwa sababu naona wenzangu wa bara hupanga safari kwa kalenda ya shule na ya mshahara, wakausahau mwezi.

Mwezi ukiandama na ukikamilika, bahari hupwa sana na kujaa sana; hiyo ndiyo bamvua, na Zanzibar tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kati ya hizo bamvua mbili kuna maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haipandi sana. Siku za bamvua pwani zile maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, ndiyo maana akina mama wa mwani huwa nje asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa nne asubuhi maji huwa yamejaa, wakati ambao mtoto mdogo yuko macho, ameshiba uji, na jua halijawa kali. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Agosti 2026 mwezi utaandama tarehe 12, na nusu mwezi ni tarehe 20. Mkienda Jumamosi tarehe 15 na kurudi Jumamosi tarehe 22, siku mbili za kwanza maji yatakuwa mbali adhuhuri. Zitumieni kwa Jozani, kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu na bustani ya Forodhani jioni. Kuanzia Jumatatu tarehe 17 watoto waogelee asubuhi.

Tena, kwa kuwa ni kusi, upande wa mashariki, yaani Paje, Jambiani na Matemwe, una upepo mwingi. Kendwa na Nungwi maji hayaendi mbali hata siku za bamvua, na Kendwa imejikinga na upepo. Kwa watoto wa umri huo ningechagua Kendwa.

Mwalimu, Lang'ata

Nami ningechagua mashariki. Kaskazini fukwe zina kina haraka na watu wengi. Ukiwa Paje siku za maji mafu, mtoto anakaa kwenye maji ya magotini bila wimbi, kwa kuwa mwamba umeyazuia.

Mzaliwa wa Mtwapa, sasa Embakasi

Hilo nalo ni kweli, mwalimu, mradi mtu aulize saa ya maji kila asubuhi, na amuulize mvuvi, si mapokezi.

Mzee wa Umoja

Kama hamnisikii kuhusu Diani, basi nendeni na nyanya yao. Mtapata wa kuwatazama watoto, naye atapata bahari.

Mama wa Watatu, South B

Wote nawashukuru kutoka moyoni. Tumeafikiana na mwenzangu: tarehe 15 hadi 22, kwa ndege, Kendwa, na mama mkwe wangu amekubali kwa furaha. Wakubwa wawili nitawapeleka kuchanjwa mwezi huu. Swali moja limebaki: mbu. Kitinda mimba wangu alizaliwa Nairobi na hajawahi kuumwa malaria.

Mama wa Donholm

Malaria Zanzibar imepungua sana lakini haijaisha, na mtoto wa Nairobi hana kinga ya mwili iliyozoea. Hakikisha kitanda chake kina chandarua kisicho na tundu. Sisi tulibeba chetu. Magharibi avae mikono mirefu. Dawa ya kupaka na ya kumeza muulize daktari wa watoto, kwa sababu kipimo hutegemea uzito wake. Na akipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari mara moja kwamba mtoto ametoka pwani, ili apimwe damu siku hiyohiyo.