Shaba au alumini kwenye waya wa mashine ya kusaga: kosa ni la metali au la kiungo?

Msagaji wa Mbalizi

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina mashine ya kusaga na kukoboa mahindi hapa Mbalizi, inayoendeshwa na mota ya fezi tatu yenye nguvu za farasi 10. Kutoka ilipo Luku (mita ya umeme) hadi kwenye banda la mashine ni mita 80, na miaka miwili iliyopita fundi alinivutia waya wa alumini juu ya nguzo, kisha akaingia bandani kwa waya wa shaba. Mwezi uliopita, wateja wakiwa wamepanga madebe yao foleni, mota ilianza kunguruma na kuzunguka kwa kusuasua, ikatoa harufu, na kabla sijaifikia swichi ikawa imeshaungua. Tulipopanda ngazi tulikuta kwamba pale alumini iliposokotwa pamoja na shaba na kuviringishiwa utepe mweusi pamebaki unga mweupe, utepe umeyeyuka, na fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, imeachia.

Fundi aliyekuja baadaye ananishauri niondoe alumini yote na kuvuta shaba kuanzia Luku hadi kwenye mota, akisema kwamba alumini ni waya wa watu wasio na fedha. Gharama aliyonitajia imeninyima usingizi. Hata hivyo, nyaya za njia kuu ya umeme itokayo Iringa kuja Mbeya ni za alumini, ilhali malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo yanapita mbele ya banda langu kila siku yakielekea Dar es Salaam. Ikiwa alumini ni duni kiasi hicho, kwa nini umeme wa mkoa mzima unapita humo? Naomba mwenye ujuzi anieleze tofauti halisi ya metali hizi mbili kabla sijatoa fedha.

Fundi wa Ipogolo

Pole sana kwa hasara, ndugu yangu. Mimi ni fundi umeme hapa Iringa, na nitaanza kwa kusema kwamba aliyekuambia alumini ni waya wa watu wasio na fedha amekuonea bure. Ni kweli kwamba shaba, au kopa kama tunavyoiita kazini, inapitisha umeme vizuri zaidi: waya wa alumini wenye unene uleule hupitisha takriban asilimia 61 tu ya kile kinachopitishwa na shaba. Lakini sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, na ya alumini ina gramu 2.70. Ukilinganisha kwa uzito badala ya unene, kilo moja ya alumini inafanya kazi ya karibu kilo mbili za shaba, na kwa kuwa miaka ya karibuni kilo ya shaba imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya alumini, hesabu ya njia ndefu inajijibu yenyewe. Zile nyaya kubwa unazoziona zina nyuzi za chuma kilichopakwa zinki katikati, ili zivumilie mvutano kati ya mnara na mnara, na nyuzi za alumini zimezungushwa nje kwa ajili ya umeme.

Sasa tuje kwenye banda lako. Mota ya farasi 10 inapokuwa kazini inakula kama ampea 15 kwa kila fezi, na wakati wa kuwaka inaweza kuvuta mara sita ya hapo kwa sekunde chache. Kwa mita 80, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba una ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa takriban omu 0.23, na waya wa alumini wa milimita 10 za mraba una kiasi hichohicho. Huo wa shaba utakuwa na kilo 4.3 za metali kwa kila fezi, na ule wa alumini kilo 2.2. Ukichukua alumini ya 16, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwa kuvutwa juu ya nguzo, utapoteza volti chache kuliko ukiweka shaba ya 6. Hivyo mota yako haikuunguzwa na zile mita 80. Iliunguzwa na sentimita tano za kiungo, kwa sababu fezi moja ilipoachia, mota ikaendelea kuvuta mzigo uleule kwa fezi mbili zilizobaki hadi koili zikaungua. Kama ungekuwa na kinga ya kukatika kwa fezi, ingezima yenyewe, na hilo naona hakuna fundi aliyekutajia.

Mwalimu wa Tukuyu

Nakubaliana na fundi, ila ningependa kueleza kwa nini kiungo hicho kilikufa, maana ule unga mweupe ndio ushahidi wote.

Alumini ikikwanguliwa hung'aa kwa muda mfupi mno, kwani papo hapo inaungana na oksijeni ya hewani na kujifunika ngozi nyembamba ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda alumini isiliwe na mvua, na ndiyo sababu sufuria na fremu za madirisha hudumu miaka mingi bila kupakwa rangi. Kwa fundi umeme, hata hivyo, ngozi hiyohiyo ni adui, kwa kuwa oksidi ya alumini haipitishi umeme. Ukisokota waya bila kuukwangua na kuupaka grisi maalumu ya kuzuia hewa, umeme unalazimika kupenya katika vidoa vichache tu vilivyogusana kikweli, na vidoa hivyo vinapata moto. Shaba nayo hubadilika rangi ikawa kahawia na baadaye kijani, lakini oksidi yake si kizuizi kikali kiasi hicho.

Jambo la pili ni kutanuka. Kipande cha mita moja kikipashwa moto kwa nyuzi 60 za Selsiasi, shaba huongezeka urefu kwa milimita 1 hivi, na alumini kwa milimita 1.4. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini mashine ya kusaga inawashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, na baridi ya usiku wa Juni na Julai huko Mbeya mnaijua wenyewe, kwa hiyo kiungo kinapumua, kinatanuka na kusinyaa bila kukoma. Isitoshe, alumini iliyobanwa kwa nguvu ina tabia ya kujisogeza taratibu na kupungua unene pale ilipobanwa, hivyo skrubu iliyokazwa leo inakuwa imelegea baada ya miezi kadhaa.

La tatu, ambalo naliona ndilo lililomaliza kazi, ni maji. Wanakemia hupanga metali kwa potenshali, yaani kipimo cha wepesi wa metali kuliwa: alumini ina volti -1.66 na shaba ina +0.34, na yenye namba ya chini ndiyo huliwa kwanza. Zikigusana na kuloweshwa na mvua, hasa mvua za huku kwetu Rungwe ambazo hazijui kupumzika, zinakuwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Utepe mweusi haukuzuia maji, uliyafungia ndani. Kwa sababu hiyohiyo, pale ambapo metali hizi lazima zikae jirani nje ya nyumba, alumini huwekwa juu na shaba chini, kwa kuwa maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hubeba chembe zake na kuitoboa alumini iliyo chini.

Nikiongeza kidogo: fungua hiyo mota iliyoungua uitazame. Koili zilizoungua huenda ni za shaba, lakini ile sehemu ya katikati inayozunguka, katika mota nyingi za aina hiyo, ina fito za alumini zilizomiminwa humo zikiwa uji. Metali zote mbili zinafanya kazi ndani ya mota moja, na hazigombani kwa sababu hazigusani.

Mfua Sufuria, Makambako

Mwalimu, shikamoo. Mimi si mtu wa umeme. Nayeyusha alumini chakavu, pistoni na vifuniko vya injini, namimina sufuria na miiko. Hiyo ngozi anayoisema Mwalimu naiona kila siku. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na kwa mkaa na feni nafika hapo bila shida, lakini juu ya uji huwa kuna utando wa kijivu usioyeyuka hata nikichochea moto namna gani, nami huuengua kwa kijiko kirefu kabla ya kumimina. Shaba inataka nyuzi 1085, na tanuri langu halina ubavu huo.

Ninalotaka kumwonya ndugu Msagaji ni jingine. Kuna waya unaouzwa kama shaba ambao ndani yake ni alumini iliyovishwa shaba nyembamba kwa juu. Niliujua pale vijana walipoanza kuniletea nyaya walizochoma plastiki: waya wa shaba halisi hutoka motoni ukiwa mweusi lakini mzima, na ule mwingine hukatikakatika na kuacha matone. Unapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba, na ukikatwa, alumini yake inabaki wazi kwenye ncha. Ukienda dukani, kwangua uzi mmoja kwa kisu hadi ndani. Kama hawaruhusu kukwangua, omba mizani: roli ya mita 90 ya milimita 6 za mraba inapaswa kuwa na karibu kilo 5 za shaba bila kuhesabu plastiki, na ile ya kuvishwa haifiki kilo 2.

Msagaji wa Mbalizi

Ahsanteni sana, na Mwalimu, shikamoo. Nimeamua kuiacha alumini yangu nguzoni, ambayo nimeisoma na kukuta ni ya 16. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, atakata ncha zilizoliwa, azikwangue kwa brashi, azipake grisi na kufunga viunganishi vya metali mbili vilivyofunikwa, na ndani ya banda ataweka shaba ya 6 pamoja na kinga ya kukatika kwa fezi.

Leo asubuhi nilikwenda na kisu hadi kwenye duka nililokuwa nimeshalipa kianzio cha roli ya shaba. Muuzaji alicheka nilipoomba kukwangua, akasema wote wananunua bila kufanya hivyo. Nilikwangua uzi mmoja, na chini ya ule wekundu nikakuta weupe. Kianzio changu nimerudishiwa, ila tulizungumza karibu saa nzima.